Nyungunyungu wa Uwanja wa Kuku

Jikoni mwa hoteli walimwita Daktari wa Mavi, naye akawaacha waite. Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai, alikuwa ameshapiga magoti chini ya banda la tausi, anavuta magazeti yaliyotandikwa chini ya sakafu ya waya na kuyasoma. Hakusoma habari. Alisoma vifaranga tisa wa tausi walikuwa wameacha nini juu ya habari. Kahawia yenye ncha nyeupe, salama. Majimaji, ngoja uone. Damu, kimbia. Njano, ile njano ya kiberiti, umechelewa.

Njano aliiona mwaka mmoja tu, na haijamtoka machoni. Miaka sita nyuma mumewe ndiye aliyekuwa mtunza ndege wa hoteli hiyo. Meneja alitaka wageni wapige picha na vifaranga kwenye majani, akaamuru washushwe kwenye uwanja uliokuwa wa kuku. Walishushwa kumi na wanne. Katika wiki tatu walikwisha, mmoja mmoja, mabawa yakiwaning'inia kama makoti ya kuazima. Meneja akajaza fomu, na penye neno "sababu" akaandika: uzembe wa mtunza ndege. Mume akafukuzwa. Mwaka uliofuata akafa angali anajieleza, mezani na kitandani, kwa yeyote aliyekaa karibu naye, kwamba aliamriwa. Ndivyo dunia ya wenye viti ilivyo: mkubwa akikosea ni bahati mbaya, mdogo akitii kosa hilo ni mzembe.

Hoteli ilipokosa mtu wa kuikubali kazi ile, ikamchukua mjane. Hakusomea popote. Alikuwa na kitabu cha mifugo kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, akakisoma mpaka uzi ukalegea, na humo akamkuta muuaji wa wale kumi na wanne. Ni kijidudu kinachosafiri ndani ya yai la mnyoo wa kuku. Kuku anatembea na mnyoo huyo bila hata mafua. Mayai ya mnyoo yanatoka na kinyesi, yanalala udongoni miaka na miaka, nyungunyungu anayameza, tausi mchanga anamla nyungunyungu, na ini linaoza. Kwa hiyo mayai ya tausi aliyaangua kwa mashine, wala hakumwekea kuku ayalalie. Kwa hiyo sakafu ya waya, viatu vya bandani visivyotoka bandani, vyombo vya maji kuanikwa juani kila siku. Kufuli moja, ufunguo mmoja, nao ulikuwa shingoni mwake.

Asubuhi hiyo magazeti yalikuwa safi. Saa tatu Meneja akafika, nyuma yake shemeji, mdogo wa marehemu, mtunza bustani, koleo begani. Meneja alisema kesho kuna wageni wa heshima, na vifaranga wanatakiwa kwenye majani, pale pale uwanja wa zamani. Mjane akakataa. Meneja akauliza kama amesikia vizuri.

"Umesikia vizuri. Kuku wa uwanja ule mlishawala, lakini minyoo yao iko pale pale."

"Daktari, usinihubirie. Fungua, au huyu mtu wako avunje kufuli."

Shemeji hakusogea. Alikuwa akimtazama mjane, si kufuli. Akaliteremsha koleo taratibu.

"Shemeji," alisema, "hiyo minyoo ya kuku, kifaranga anaweza kuipata kwa nyungunyungu?"

"Nyungunyungu wepi?"

Ikamtoka vipande vipande. Tangu siku nne zilizopita, mjane akienda kunywa chai, yeye alikuwa akiwapitishia vifaranga nyungunyungu kwenye matundu ya waya, kiganja kimoja asubuhi. Aliwaona wamedumaa, akasema watoto wanataka nyama. Nyungunyungu aliwachimba uwanja wa kuku kwa sababu udongo wa pale una rutuba. Vifaranga walikuwa wameshamzoea, wakiona mkono wake wanakimbilia.

Mjane alitaka kumpiga kwa koleo lake mwenyewe. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mpini alipokumbuka siku shemeji alipouliza kwa nini haruhusiwi kuingia bandani. Alimjibu: kwa sababu nimesema. Maneno ya Meneja hasa, kwenye mdomo wake. Kitabu alikuwa amekifungia sandukuni, asije mtu akajua anachokijua yeye na kumnyang'anya kazi.

Dawa ya kijidudu kile ilikuwa kwenye kabati, na ufunguo wa kabati anao Meneja, ambaye hakuwahi kutoa hata kidonge bila fomu. Fomu ilikuwa imeshatoka mfukoni. Meneja alikuwa akitabasamu.

"Sababu?" aliuliza. "Andika mwenyewe, mama. Na jina la mhusika."

Siku nne. Kila saa moja ya mabishano ilikuwa saa moja ya minyoo. Akiandika jina la shemeji, shemeji anaondoka leo. Asipoandika kitu, kabati halifunguki. Akaichukua kalamu, akaandika polepole, kwa herufi kubwa: Mtunza ndege hakumweleza mwenzake hatari. Kisha chini yake: Udongo ni ule ule ulioua kumi na wanne walioshushwa kwa amri ya Meneja. Akatia saini.

Meneja akasoma. Tabasamu likamwisha.

"Futa mstari wa pili."

"Sifuti."

"Basi dawa huna."

"Na wakifa, mwenye hoteli atauliza. Ndiye aliyenunua mayai. Nitamsomea fomu yote, mstari wa kwanza kwa sauti kuliko wa pili. Mimi langu nimelitia saini. Wewe?"

Vifaranga walikuwa wakilia bandani, wamekusanyika upande ule ambao mkono wa shemeji huingilia, wakingoja. Meneja aliwatazama. Hakutia saini. Akautupa ufunguo wa kabati kwenye majani akaondoka, na habari ya picha haikutajwa tena.

Dawa haikuahidi kitu. Mjane alimwambia shemeji hivyo tangu mwanzo, akamwekea kitabu mapajani, akamsomesha ukurasa kwa ukurasa huku wakipima matone. Siku ya tisa njano ikatokea, chini ya kifaranga mmoja. Wakamtenga sandukuni. Shemeji alikaa naye siku mbili akimnywesha kwa bomba la sindano, na alipokufa akamzika kwa chokaa, shimo la kina cha goti. Wale wanane walihesabiwa pumzi wiki tatu nzima. Njano haikurudi.

Katika wiki ya nne mpishi alikuja na kuku kwapani, akiomba amfunge kando ya banda mpaka kesho, atakapomchinja. Shemeji alimzuia njiani kwa mikono miwili. Akamwanzia mbali: mnyoo, yai, udongo, nyungunyungu. Mpishi akahamisha kuku kwapa la pili, akasema kumbe mavi nayo yana chuo kikuu.

"Cheka tu," shemeji alisema. "Kifaranga akishamla, kile kijidudu kinapanda mpaka kwenye moyo."

"Ini," mjane alisema kutoka chini ya banda.

"Ini," shemeji alisema, akaanza upya.