Radi Alipoinua Mikono

Vumbi lilikuwa linacheza.

Mwanga wa saa kumi ulikuwa umejaa chumba cha nyuma, na binti, jicho kwenye tundu la ufunguo, aliona kitu kimoja tu: mgongo wa spika kubwa nyeusi, na vumbi juu yake. Gitaa likilia, vumbi linaruka. Gitaa likinong'ona, vumbi linanyata. Gitaa likipaa, vumbi linapaa nalo, chembe kwa chembe, dhahabu tupu, kana kwamba spika ile ina mapafu.

Alisimama koridoni, mtoto mgongoni, viatu mkononi.

Pana namna hapa, alijisemea.

Maana aliyekuwa ndani ni baba yake. Na gitaa lilikuwa linalia, linalia kweli. Na baba yake hakuwa tena na vidole vya kuliliza.

Tuelewane. Vidole vilikuwepo, vyote kumi. Lakini mwaka juzi kiharusi kilipita mwilini mwake kama mgeni mwenye haraka, hakikukaa, hakikuvua hata viatu, na kilipoondoka kiliondoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Vilijikunja kiganjani kama watoto waliolala. Daktari alivinyoosha, akaviachia, vikarudi kulala. "Mzee," alisema, "shukuru unatembea na unaongea. Hivi viwili tuvisahau."

Na mkono wa kushoto ndio uliokuwa mkono wake wa kupanda na kushuka. Wa kulia ulikwangua nyuzi tu, kazi ya mlinzi wa mlango. Wa kushoto ndio uliokimbia shingoni mwa gitaa, ukibana hapa, ukiachia pale, ukiliza uzi mpaka watu wazima wakashika vichwa. Kwa mkono ule walimpa jina. Radi. Miaka ile ya bendi ya roki, wanaume watano wenye nywele kama vichaka, Radi alikuwa akipiga uzi wa kwanza na ukumbi mzima unanyamaza, kama watu wanaosubiri mvua.

Sasa Radi anatoa albamu. Peke yake. Nyimbo tisa, hakuna mwimbaji, hakuna dramu, gitaa tupu.

Kwa vidole vipi?

Angekuwa baba mwingine, binti angefurahi na kupika. Lakini huyu alikuwa na historia.

Zamani hizo binti alikuwa na miaka minane, juu ya mabega ya marehemu mama, katikati ya uwanja uliojaa vichwa. Baba alikuwa jukwaani, miguu imepanuka, gitaa linanguruma, na yeye mtoto akipiga kelele "Huyo ni wa kwetu! Huyo ni wa kwetu!" Wimbo ulipofika kileleni, Radi aliinua mikono yote miwili kuwasalimu watu.

Mikono ikawa juu, wazi, kweupe.

Na gitaa likaendelea kulia.

Likaendelea, jamani. Halikukosa hata uzi mmoja. Vyombo vilikuwa vimeharibika mchana, na mwenye tamasha alikuwa amesema, tuweke mkanda, wewe cheza tu na mikono, nani atajua. Hakuna aliyejua, mpaka furaha ilipompanda Radi akasahau kwamba anadanganya. Kwanza ulikuja ukimya, kisha kicheko, kisha chupa. Mama alimshusha mabegani, akamfunika masikio kwa viganja. Mtoto akaona midomo tu, maelfu ya midomo, inafunguka na kujifunga.

Bendi ilivunjika mwezi uleule. Shuleni watoto walimngoja getini, wanainua mikono juu, wanatoa sauti ya gitaa puani. "Baba yako anapigiwaaa!" Nyumbani baba alinyamaza. Miaka ishirini alitengeneza redio za watu, na hakueleza, na hakuomba msamaha, na gitaa likalala chini ya kitanda.

Kwa hiyo binti alikua na masikio ya askari. Akisikia kitu kitamu, kwanza anatafuta mkanda uko wapi.

Na nyumba hii, tangu Fundi Nyaya aanze kuja na mashine zake za kurekodi, waya zimemzunguka shingo kama tai ya harusi, nyumba hii ilikuwa na mambo.

Kwanza, kitambaa chekundu. Ilikuwa sheria ya zamani, tangu binti hajaota meno: kitambaa chekundu kikifungwa kwenye kitasa, baba anarekodi, na hakuna anayeingia, hata maziwa yakimwagika, hata nyumba ikiungua, utaungua kimyakimya. Mlango haukuhitaji komeo. Kitambaa kilitosha. Sasa kilifungwa kila siku, saa zilezile binti akiwa kazini, na kikifunguliwa baba anatoka na jasho usoni, anapiga miluzi, kama mtu aliyetoka kuiba embe.

Pili, siku alizorudi mapema kidogo, alisikia makosa. Nyuzi zinakwaruza, zinakosa, zinarudi, zinakosa palepale. Makosa ya mtu anayejifunza! Radi hakuwahi kukosea hivyo tangu dunia iumbwe. Basi ni nani? Baba amemficha nani mle ndani?

Tatu, mtoto. Mtoto huyu, mwenye miezi kumi na jino moja tu, babu alimwita Kijino. Tangu azaliwe alijua kuchagua: mkono wa kushoto wa babu una sugu za zamani za nyuzi kwenye ncha za vidole, hazikuwahi kutoka, unakwaruza, kwa hiyo shavu lilikwenda kwenye mkono wa kulia, laini, lenyewe likasinzia hapo. Halafu jioni moja babu akampapasa kwa mkono uleule wa kulia, na Kijino akageuza uso, akalia. Binti akaushika mkono ule. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama punje za mahindi makavu.

"Umeshika nini, baba?"

"Jembe," mzee akajibu. Nao walikaa ghorofa ya pili, hata chungu cha maua hawana.

Pana namna hapa.

Na la nne ndilo lililomnyima raha. Wiki iliyopita alimsikia baba kwenye simu, anaongea na Nyaya, sauti ya chini. "Asijue. Jalada likishachapwa, ajue tu, haidhuru. Kabla ya hapo, hapana."

Jalada. Hapo ndipo kisu kilipokuwa. Maana jalada la santuri lilikuwa linachapwa kwenye kiwanda kidogo alikofanya kazi binti, akikata karatasi na kupanga kurasa, na maneno ya nyuma ya jalada aliombwa ayaandike yeye. "Wewe ndiye mwenye kalamu nyumba hii," baba alimwambia, kwa fahari, maana binti alimaliza masomo yake kwa madarasa ya jioni, tumbo mbele, daftari juu ya tumbo. "Sitaki mengi, mama. Andika tu: Gitaa lote limepigwa na Radi. Basi. Halafu weka jina lako chini."

Jina lake. Chini ya maneno yale.

Angeweza kubeba chupa za zamani, zilimpiga akiwa mtoto, zimekwisha. Lakini sasa yeye ni mama wa mtu. Siku moja Kijino angesimama kwenye geti la shule, na watoto wangeinua mikono juu. Na safari hii uongo ungekuwa na sahihi, na sahihi ingekuwa ya mama yake.

Leo mchana fundi wa mashine pale kiwandani alilishika jalada, akaitazama picha, akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Mama Kijino! Huyu si yule aliyeinua mikono gitaa likabaki linapiga? Sasa hii kapiga nani? Mkanda uleule?"

"Huyo ni baba yangu."

Fundi akairudisha miwani puani.

"Aa. Dada yangu, samahani. Si unaujua mdomo wangu."

"Naujua."

"Basi... maneno ya nyuma niletee leo. Kesho saa mbili napandisha jalada mashineni. Likishapanda, halirudi."

Binti aliomba ruhusa, akamchukua mtoto kwa jirani, akapanda ngazi, akavua viatu. Na ndivyo alivyofika hapa, jicho kwenye tundu la ufunguo, kitambaa chekundu kikimgusa paji la uso, vumbi likicheza mbele yake, na moyo wake ukimwambia kwamba vumbi ni la kucheza tu, vumbi humchezea mtu na humchezea mkanda, vumbi si shahidi.

"Dada!"

Fundi Nyaya alikuwa ametokea jikoni, glasi ya maji mkononi, macho kama ya paka aliyekutwa mezani. "Leo mapema hivi?"

"Nani yuko ndani?"

"Mzee."

"Na nani?"

"Na... mzee."

"Nyaya, usinichezee. Wewe uko hapa. Nani anaiendesha mashine?"

"Mashine nimeiacha inarekodi."

"Au inapiga?"

Nyaya akaitazama glasi yake, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Inarekodi tu, dada. Haipigi."

Alishika kitasa. Kitambaa kilikuwa laini, kimepauka, kilekile cha utotoni, kipande cha gauni la mama. Mkono wake ulikataa. Miaka yote hii, hakuna aliyewahi. Kijino akamvuta nywele mgongoni, kama mtu anayemhimiza punda.

Akafungua.

Baba aliruka. Alikuwa kwenye kiti, dirisha nyuma yake, uso gizani, mwanga mabegani, na alipomwona binti mlangoni alishtuka kama mwizi, na kama mwizi aliyeambiwa simama, aliinua mikono yote miwili juu.

Mikono ikawa juu, wazi, kweupe.

Na gitaa likanyamaza.

Likanyamaza, jamani. Papo hapo. Uzi mmoja ulitetemeka kidogo mwishoni, kama mtu anayemeza neno, kisha kimya. Juu ya spika vumbi lilisita hewani, likashuka polepole, likalala.

Macho ya binti yalishuka kutoka kwenye ile mikono, yakafika kwenye gitaa, yakakwama. Gitaa lilikuwa limekaa kinyume. Shingo yake ilielekea upande usio wake, nyuzi zimepangwa upya, ile nene juu kwa upande mpya. Kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, baba alishika kile kiplastiki cha kukwangulia. Na vile vidole viwili vimelala tu, havina kazi, havina habari. Kazi ya kubana ilikuwa imehamia ng'ambo, kwenye mkono wa kulia, kwenye zile ncha ngumu kama mahindi.

"Wa kushoto ulikataa," baba alisema, mikono bado juu. "Nikauambia wa kulia, haya, zamu yako. Miezi saba sasa. Nilianza na kulishika gitaa tu, mwanangu. Kama huyo na jino lake."

"Yale makosa..."

"Yangu. Yote yangu. Mengi hata, nakuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alishusha mikono, akaiweka mapajani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeweka mizigo. "Kwanza, ulishaniona nikidanganya. Sikutaka unione nikishindwa. Pili, ningekuambia, ungeandika kiharusi. Ungeandika vidole. Watu wangenisikiliza kwa huruma. Mimi nataka wanisikilize kwa masikio."

Lingekuwa jambo zuri kusema kwamba binti alimwamini hapohapo. Lakini shaka ya miaka ishirini ni mtoto wa mgongoni, haishuki kwa kuambiwa shuka. Alikaa chini, sakafuni, akamfungua Kijino, akampakata.

"Piga, baba."

Akapiga. Haikuwa radi. Ilikuwa sauti chache, zimeachana, kila moja imetembea kwa miguu mpaka hapa. Palipokuwa na mbio zamani sasa palikuwa na nafasi, na katika nafasi ile mtu aliweza kusikia kiti kikilia, na pumzi ya mzee, na kidole kikitafuta mahali pake na kupapata.

"Inua," binti akasema.

Baba akamtazama. Akaelewa. Akainua mikono.

Kimya.

Na katika kimya kile Kijino akacheka. Alidhani ni mchezo. Akacheka mpaka jino likaonekana lote. Babu akashusha mikono, gitaa likalia, akainua, likanyamaza, na kila liliponyamaza mtoto akaangua kicheko, na babu naye, na mara binti alijikuta anacheka na machozi yanamwingia mdomoni. Inua. Kimya. Kicheko. Shusha. Muziki. Inua. Kimya. Kicheko.

"Mzee," Nyaya aliita kutoka mlangoni, "ndio nilikuwa nasema, mashine haijazimwa. Wimbo wa tisa una kicheko cha mtoto."

"Kiache," Radi akasema.

Binti alitoa kalamu. Aliandika gotini, mistari miwili, hakufuta hata herufi. Hakuandika kiharusi. Hakuandika vidole. *Gitaa lote limepigwa na Radi.* Na chini yake, kabla ya jina lake: *Nilikuwepo.*

Baba alisoma, midomo ikisogea. Alisoma tena lile neno la mwisho. Kisha akageuka dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia mtaa, na mtaani hapakuwa na kitu.

Kijino alikuwa ametambaa mpaka kwenye spika. Alijishikilia, akasimama, akabandika kiganja juu, katikati ya vumbi, akakibandua. Alama ikabaki, vidole vitano vidogo, vimepanuka.

Babu akarudisha mkono wa kulia kwenye shingo ya gitaa. Akapapasa, akakosa, akapata.

Na vumbi likaamka, likaruka pande zote za kile kiganja.