Uhusiano na Marehemu

Jumba la Sanaa Nkuhungu lilipokaribia kutimiza miaka kumi na mitano, mkurugenzi wake, Elisha Chibago, alimwita Yudith ofisini akamwambia anataka bango la maadhimisho. Kabla ya bango alitaka utafiti. Elisha alikuwa amefanya kazi wizarani miaka ishirini na miwili kabla ya kufungua jumba lile, na aliamini kwamba hakuna kitu kinachofaa kuchorwa, kupikwa wala kusogezwa ukutani bila kuandikiwa kwanza kurasa mbili.

“Mawazo ya kubuni bango,” alisema. “Wenzetu wanafanyaje, sisi tulifanyaje, tufanyeje. Nipate Ijumaa.”

Yudith alikuwa na miaka ishirini na sita na ndiye aliyekuwa akichora kwa kompyuta pale, kufungua geti asubuhi na kueleza picha kwa wageni waliokuja kuulizia choo. Alianza na mtandao. Aliangalia mabango ya majumba ya sanaa ya nchi nyingi, akakuta mengi yana namba kubwa pembeni na eneo kubwa jeupe. Akampelekea Elisha. Elisha aliyatazama kwa muda, kisha akauliza kama hao wenzetu waliishiwa wino.

Siku iliyofuata alitoka kwa miguu, simu mkononi, akipiga picha kila bango lililokuwa ukutani au kwenye nguzo kutoka Nkuhungu mpaka Majengo. Alipata arobaini na moja. Thelathini na tatu yalikuwa na mtu anayetazama juu upande wa kulia: wachungaji, wagombea na daktari mmoja wa meno. Ishirini na sita yalikuwa na maputo, likiwemo la semina ya magonjwa ya mzabibu huko Makutupora. Aliyaandika yote kwenye jedwali. Halikuwepo hata moja ambalo angesimama kulitazama kama asingekuwa kazini.

Jumatano aliingia stoo kutafuta “sisi tulifanyaje”. Nyuma ya viti vya plastiki vilivyovunjika, akakuta bango la siku ya ufunguzi. Lilichorwa kwa brashi juu ya ubao mwepesi wa dari. Mbuzi mmoja, mwekundu kama barabara za vijijini, amesimama mbele ya fremu tupu, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Chini yake maneno matatu: KARIBUNI. HATA WEWE. Pembeni: H. Mzenga.

Yudith alichuchumaa pale mpaka mguu ukafa ganzi.

Jina alilijua. Ukumbi mkubwa wa jumba uliitwa Ukumbi wa Marehemu Hamidi Mzenga, limeandikwa hivyo kwenye bamba la shaba. Kila mwaka, siku ya maadhimisho, wageni walisimama dakika moja kumkumbuka, na Elisha ndiye aliyeihesabu kwa saa yake ya mkononi. Mwaka mmoja mgeni alikohoa, Elisha akaanza upya.

Bango likafikishwa ofisini. Elisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Nilidhani mchwa walishalimaliza,” alisema. “Utafiti umekwisha. Tutachapa hili. Ila lazima familia iridhie.” Akaandika fomu ya ridhaa yeye mwenyewe, yenye sehemu ya jina, uhusiano na marehemu, na sahihi. “Nenda Gulwe. Uanze kwa kutoa pole.”

“Ni miaka sita sasa, Mkurugenzi.”

“Pole haichachi.”

Alhamisi Yudith akapanda basi mpaka Mpwapwa, na kutoka hapo bodaboda mpaka Gulwe. Karibu na stesheni palikuwa na duka la mama mmoja aitwaye Stara, aliyekuwa akipima sukari.

“Naulizia nyumbani kwa mzee Hamidi Mzenga, mama.”

“Yule fundi wa mabango? Vuka reli, nyumba ya tatu, mlango wa buluu. Gonga kwa nguvu, masikio yamechoka.”

Yudith alielewa kwamba mwenye masikio yaliyochoka ni mjane. Akavuka reli, akagonga kwa nguvu. Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu aliyevaa msuli na kofia ya kufuma, mkononi ana karanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Karibu.”

“Natoka Dodoma, Jumba la Sanaa Nkuhungu. Nimetumwa kuwapa pole kwa msiba.”

“Msiba wa nani?”

“Wa mzee Hamidi.”

Mzee alitafuna karanga aliyokuwa nayo mdomoni mpaka ikaisha.

“Ahsante,” alisema. “Tumeshapoa. Pita ndani.”

Sebuleni palikuwa na viti viwili na meza. Ukutani, juu ya saa, lilitundikwa shada la maua ya plastiki lenye utepe wa zambarau: PUMZIKA KWA AMANI HAMIDI. Lilikuwa limefutwa vumbi vizuri. Yudith akaeleza habari za maadhimisho, bango na ridhaa ya familia, akatoa fomu. Mzee alivaa miwani, akaisoma yote, pamoja na anuani ya jumba iliyokuwa chini kabisa. Kisha akaomba kalamu.

Kwenye jina akaandika: Hamidi Mzenga.

Kwenye uhusiano na marehemu akafikiri kidogo, akaandika: Mwenyewe.

Yudith aliisoma mara mbili. Halafu akafanya jambo ambalo baadaye aliona haya kulikumbuka. Alisimama.

“Shikamoo,” alisema.

“Marahaba. Ulishaniamkia. Kaa.”

Akakaa. Mzee Hamidi akamsogezea sahani ya karanga na kumweleza kwa utaratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Aliyefariki alikuwa Hamidi mwingine, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mwema. Mtu fulani alimpigia simu mtu fulani Dodoma akasema Hamidi wa Gulwe hatunaye. Baada ya siku tano shada likaja kwa basi, na bahasha juu yake.

“Kondakta akaniuliza, wewe ni nani wa marehemu? Nikamwambia, naishi naye. Akanipa.”

“Mbona hukuwaambia, babu?”

Mzee aliinuka, akafungua bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati, akatoa karatasi nne za bahasha ile, zimelegea kama kitambaa.

“Mwaka mmoja kabla ya hapo, Elisha aliniambia mbele ya wageni kwamba mimi ni fundi wa kuandika vibao vya saluni, na kwamba bahati yangu ni ukuta wake. Nilikusanya brashi zangu nikarudi huku. Sikugombana naye. Halafu naletewa hii.” Akatafuta ukurasa. “Aya ya pili. Anasema nyanda hizi za kati hazijapata mtu mwingine aliyeujua wekundu wa udongo wake kama Hamidi. Anasema alinikosea, na hakupata nafasi ya kuniambia. Ameandika mwenyewe, namjua mwandiko.”

“Kwa hiyo ukanyamaza.”

“Mara ya kwanza nilicheka. Stara aliisoma kwa sauti pale dukani, tukacheka wote. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Halafu nikawaza, nikipanda basi kwenda kusema niko hai, ataichukua. Atasema haya maneno yalikuwa ya maiti, rudisha.” Alizikunja karatasi zikafuata mikunjo yake ya zamani bila shida. “Wiki ijayo ikawa miaka sita. Na marehemu hachori, binti. Hilo sikulifikiria mwanzoni. Ukishakubali kufa, brashi unaishikaje?”

Fomu haikuwa na sehemu ya jambo hilo. Yudith akaomba ruhusa apige simu, akatoka nje.

“Mkurugenzi, nimempata.”

“Vizuri. Ni nani, mtoto wake?”

“Mwenyewe.”

“Mwenyewe nani?”

“Mzee Hamidi mwenyewe. Amesaini.”

Yudith akaangalia kama mtandao umekatika.

“Hali yake?” Elisha akauliza hatimaye.

“Mzima. Masikio tu.”

“Lile bamba ni la shaba,” Elisha alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu mwingine. Kisha akakata.

Yudith alilala kwa Stara. Kesho yake saa nne Elisha akafika na gari la jumba, amevaa suti ileile ya maadhimisho. Hamidi alimpokea mlangoni. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za safari. Zilipokwisha habari za kuulizana, wakakaa kila mmoja kwenye kiti chake, na Yudith kwenye ndoo iliyogeuzwa.

“Umenenepa,” alisema Hamidi.

“Na wewe hujabadilika.”

“Sikuwa na sababu.”

Elisha aliliona shada. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama picha yoyote pale jumbani.

“Niliandika ule wasifu siku tatu,” alisema. “Sikula.”

“Nimeusoma. Aya ya pili ulinipendelea.”

“Sikukupendelea.”

“Basi mbona ulingoja nife?”

Elisha alikuwa mtu wa kujibu barua yoyote ndani ya siku saba, lakini hii haikuwa barua. Aliinama akaangalia viatu vyake, na Yudith aliona machozi mawili yakidondoka kwenye suruali, moja goti hili, moja goti lile. Hakuyafuta.

“Kwa sababu ya kiburi,” alisema. “Na uoga. Ulikuwa unachora vizuri kuliko watu wote niliowaweka ukutani, na wageni walikuwa wanauliza habari zako wewe tu.”

Hamidi alimenya karanga moja, akampa. Elisha akaipokea, akaishika bila kuila.

Walizungumza mpaka adhuhuri. Hamidi hakutaka lile bango la zamani lichapwe. Alisema lilichorwa na mtu aliyekuwa na haraka. Angechora jingine. Ila alikuwa na sharti moja: siku ya maadhimisho Elisha ausome ule wasifu, wote, kurasa nne, naye akiwa amekaa mbele.

“Ule ni wasifu wa marehemu,” alisema Elisha.

“Huyu binti ataurekebisha.”

Ndivyo Yudith alivyotumia wikiendi nzima akibadilisha “alikuwa” kuwa “ni”. Yalikuwa thelathini na moja. “Ametuacha” lilimshinda. Mwishoni akaandika “alituacha kwa muda”.

Jumatatu alirudi Gulwe na rangi, brashi mpya na ubao. Mzee alimwomba amwonyeshe alichokipata kwenye utafiti. Akayapitia mabango yote arobaini na moja kwenye simu, moja baada ya jingine, bila kuruka.

“Huyu daktari wa meno anaangalia nini kule juu?”

“Sijui, babu.”

“Naye hajui.” Akarudisha simu.

Kisha akashika brashi. Mstari wa kwanza ukaenda usikotakiwa. Akaufuta kwa kitambaa. Wa pili vilevile. Akaweka brashi chini, akaingia ndani, akakaa huko mpaka garimoshi moja la mizigo likapita. Alipotoka alikuwa amekunja mikono ya shati, viwiko vikidondoka maji ya udhu. Mstari wa tatu ulinyooka.

Alichora siku nne barazani. Majirani walipita, wakasimama, wakatoa ushauri kuhusu pembe. Alimchora tena mbuzi mwekundu, lakini safari hii mbuzi alikuwa ndani ya fremu, anatazama nje, na nje hapakuwa na mtu, ila udongo ule mwekundu uliokwenda mpaka mwisho wa ubao. Chini: BADO TUPO.

Elisha aliuliza kama panaweza kuongezwa cheo chake. Yudith alisema hapatoshi. Palikuwa panatosha.

Siku ya maadhimisho, Jumamosi, watu walijaa kuliko miaka yote, kwa sababu mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka Majengo na watu walitaka kujua nani hao waliopo. Kwenye bamba la ukumbi, neno “Marehemu” lilizibwa kwa utepe wa rangi ya dhahabu. Hamidi alikaa kiti cha mbele, kanzu nyeupe, mkono nyuma ya sikio. Elisha akapanda jukwaani na kurasa nne.

Alisoma sentensi ya kwanza, kwamba Hamidi Mzenga ni mzaliwa wa Mpwapwa. Hamidi akanyoosha mkono.

“Gulwe,” alisema.

Elisha akatoa kalamu mfukoni, akasahihisha, akasoma upya. Kwamba mama yake ni mkulima. Mkono ukanyooka: mama alikuwa mshonaji, na hapo “alikuwa” ndiyo sahihi, alishafariki. Kwamba alijifunza kuchora kwa mmisionari. Mkono. Alijifunza kwa kuandika namba kwenye mabehewa. Wageni hawakujua kama wacheke. Baadhi walicheka, baadhi walitazama chini. Chakula kilikuwa kikipoa. Mgeni rasmi aliangalia saa yake mara mbili, kisha akaacha.

Elisha alipofika aya ya pili aliacha kusoma. Alitazama karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaisema yote kwa kichwa, pamoja na lile la kumkosea. Alipomaliza akautazama mkono wa Hamidi.

“Endelea,” alisema Hamidi. “Hapo hapana kosa.”

Akaendelea mpaka mwisho. Watu walipopiga makofi Hamidi hakusimama. Alikuwa akiangalia ukuta wa upande, dirishani, mahali jua lilipofika. Elisha aliposhuka jukwaani, mzee alimvuta kwa mkono wa koti akamnong’oneza kitu.

Alasiri ilikuwa imeingia, na mzee alitaka mahali pa kuswali. Elisha alimpeleka ofisini kwake. Alisogeza kiti, akasogeza na ile meza yenye mafaili, akamwachia nafasi. Kisha akatoka, akavuta mlango taratibu, akasimama mbele yake na mikono nyuma.

Mgeni rasmi alikuja kuaga.

“Subiri,” Elisha alimwambia. “Kuna mtu ndani.”