Punje Mdomoni

Gauni la mama nililishona mara mbili. La kwanza lilimpwaya mabegani, nikalifumua lote, maana mwaka huu alikuwa anasimamishwa mbele ya watu, na mama yangu hasimami mbele ya watu na gauni linaloonekana la kuazima. Mimi ni fundi cherehani, mambo hayo siyachezei.

Wazo la kumsimamisha lilikuwa la mdogo wangu, mtangazaji wa redio. Alikuja chumbani kwangu, akakalia vitambaa vya wateja kama kawaida yake, akasema, "Dada, mwaka huu Sikukuu ya Punje naisimulia mimi. Watu wajue ilikotoka. Mama apewe shukrani yake angali anasikia."

Nililia, nisiseme uongo. Watu wa mtaa huu kila baada ya mavuno hutia punje ya hindi mdomoni, hunyamaza, husikiliza hadithi, kisha huitema kwenye bakuli ikapandwe. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ni baraka. Baraka gani? Ilikuwa njaa. Mwaka ule mvua iligoma, majirani wakala hadi mbegu, kwetu ikabaki yetu tu kwenye debe. Tulilia tupikiwe. Mama akatupa punje moja moja, akasema, "Mumunyeni. Ole wake atakayetafuna." Tukalala nazo mdomoni. Asubuhi tulifungua midomo akague, akazikusanya, akaziosha, akazianika. Mvua iliporudi alipanda, akawagawia na majirani, mtaa mzima ukavuna kwa mbegu zake. Shukrani ya mavuno yale ndiyo sikukuu ya kwanza.

Siku moja mdogo wangu alimeza yake. Nikamwambia mama nimemeza mimi, nikachapwa mimi. Alikuwa mtoto, yakaisha.

Basi, siku ikafika. Maturubai, viti vya plastiki, spika kila kona. Mbele palikuwa na kochi moja, nikajua ni la mama. Nikamshika mkono nimpeleke, wifi yangu, mke wa mdogo wangu, akatuwahi. "Wifi, mama akae huku nyuma, kuna kivuli kizuri." Kwenye kochi akakaa mwenye duka la mbegu, na koti lake, jua kali namna ile. Hata hapo sikushtuka, bwege mimi. Nilijua ndiye aliyeleta maturubai, nikasema acha akae.

Bakuli likapita, kila mtu akatia punje yake. Mama, aliyebakiwa na magego mawili tu upande wa kushoto, aliiweka yake taratibu, akafumba macho. Msimulizi peke yake ndiye asiye na punje. Mdogo wangu akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akaanza, kwa ile sauti ya redioni, "mwaka wa njaa mtaa huu haukuwa na mbegu hata ya dawa. Ndipo mzee mmoja mwenye huruma, baba wa mgeni wetu huyu, alipokuja na gunia begani. Akampa kila mtoto punje moja..."

Mzee gani? Baba yake huyo mwaka ule alifunga duka akahama. Nikainuka. Lakini punje ilikuwa mdomoni, na mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba ikiwa mdomoni hakuna kusema wala kutema hadi bakuli lirudi. Hapo ndipo nilipoelewa. Alijua. Alisubiri mtaa mzima ujifunge mdomo kwa desturi ya mama, ndipo akamwibia mama. Mtu niliyembeba mgongoni! Bibi wawili waliokumbuka mwaka ule walitazamana, wakainamisha vichwa. Mdogo wangu aliniona nimesimama, akaangalia kwingine.

Mama akanivuta sketi nikae. Nikakaa.

Kisha ikasikika, kwenye ukimya ule, punje ikivunjika. Mama alikuwa anatafuna. Alitafuna kwa magego yake mawili, bila haraka, hindi kavu lile, na watu wakaanza kugeuza shingo mmoja mmoja. "Akaja na gunia," mdogo wangu akasema, akarudia tena gunia, akapotea kabisa. Mama akameza.

Msimulizi ndiye hupitisha bakuli la kukusanyia. Alifika kwetu, akaliweka mbele ya mama. Mama alifungua mdomo wazi, ulimi na yote, kama tulivyokuwa tukimfungulia yeye asubuhi zile.

"Nimekula, mwanangu," akamwambia. "Ya kupanda si anayo mgeni wako?"

Mdogo wangu akanigeukia mimi na lile bakuli, macho yakiniomba nimfichie aibu. Nikafungua mdomo. Safari hii nilikuwa nimemeza mimi kweli.