Pete kumi kwenye gare ya Kolwezi

Mama Mushiya, mama yake mume wangu, alijifunza kuandika jina lake akiwa na miaka hamsini na nane, kwa kipande cha makaa, juu ya saruji ya gare, stesheni ya treni ya Kolwezi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Naanza na hilo kwa sababu wengi wakisimulia mwaka ule wa 1993 huanza na mapanga na milango iliyovunjwa, mpaka msikilizaji anasahau kwamba tulikuwa watu wenye ujuzi mikononi.

Tulikuwa tumelala pale wiki saba tukingoja treni, chini ya turubai, mimi na mume wangu Kazadi, mama yake, na mtoto wetu Ndaya ambaye meno yake mawili ya kwanza yalitokea hapohapo, kati ya reli na ukuta. Kazadi alikuwa fundi wa mashine mgodini. Asubuhi moja vijana waliokuwa wanafukuza watu wa asili ya Kasai kutoka Katanga walikuja na kutuambia nyumba si yetu tena, twende kwetu Kasai. Mimi nimezaliwa Kolwezi. Mama yangu amezaliwa Kolwezi. Kasai nilikuwa naijua kama mtu anavyojua mbinguni, kwa kuisikia kwa wengine. Lakini walisema ni kwetu, na walituita bilulu, yaani wadudu.

Vyombo vilienda, godoro likaenda. Hayo nililia siku moja tu. Kilichobaki kinanichoma ni brevet yangu, cheti ambacho sikukipata.

Miaka miwili nilisoma masomo ya jioni kwenye kituo cha parokia. Mwaka wa pili nilikuwa na mimba, nikawa nakaa upande kwenye dawati kwa sababu tumbo halikuingia. Mwenye brevet ile aliweza kufundisha akina mama kusoma popote nchini, akalipwa, akaitwa mwalimu. Vurugu zilifunga darasa wiki mbili kabla ya mtihani. Kwa hiyo nilikuwa naenda Kasai, mahali nisipomjua hata mtu mmoja, nikiwa mwanamke wa kifurushi na mtoto, basi.

Mtihani wetu haukuwa wa kuandika peke yake. Mwalimu Kitenge alikuwa na desturi yake: mnyororo. Kila jioni kabla ya kuzima taa alitupa neno moja, na wa kwanza alisema jambo la kweli analolijua juu ya neno hilo. Wa pili alishika kitu kimoja ndani ya maneno ya mwenzake akaunga jambo lake, na kila jambo ni pete moja ya mnyororo. Anayekatisha mnyororo anafagia darasa. Nilifagia sana mwaka wa kwanza! Siku ya mtihani, mtu mmoja anafunga pete kumi peke yake. Akikaa kimya mpaka mwalimu ahesabu ishirini, ameanguka. Na pete ya kumi ina sheria yake: lazima iwe jambo uliloliona kwa macho yako mwenyewe, na lazima irudi kushika neno la kwanza.

Siku treni ilipofika kutoka Tenke, watu wote waliinuka kufunga mizigo. Katikati ya vumbi lile nikaona kravati. Mwalimu Kitenge, karani mrefu, Mluba wa kaskazini ya Katanga, mtu ambaye hakuna aliyemfukuza, anaruka masufuria ya watu na bahasha chini ya kwapa.

"Mamie, kaye yako ya kuandikia iko wapi?"

"Iliungua na bitu bingine, Mualimu."

"Haina neno. Mutihani haitaki kaye."

"Mutihani gani? Masomo si bilifunga?"

"Masomo bilifunga. Mi hawakunifunga." Akatoa karatasi kwenye bahasha: brevet, yenye muhuri, nafasi ya jina ikiwa wazi. "Hizi zilipigwa muhuri mbele fujo ianze. Ukifaulu, naandika. Ukianguka, narudisha. Sitakupa ya huruma, unasikia?"

Kazadi alinichukulia Ndaya mikononi. Mizigo ilikuwa bado haijafungwa.

"Treni itatuacha," nikamwambia.

"Treni hii? Ilikawia wiki saba," akasema. "Na yeye angoje kidogo."

Mwalimu alitazama huku na huku akitafuta neno. Mama Mushiya alikuwa anasonga ugali wetu wa mwisho juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mwalimu akaunyoshea kidole mwiko.

"Bukari."

Nikapumua. Nikasema bukari yetu ni unga wa mahindi, na mahindi hayakuzaliwa huku. Yalivuka bahari kutoka Amerika, na mababu wa mababu zetu walisonga mtama na ulezi.

"Kumbe!" Mama Mushiya akainua mwiko. "Basi na mahindi ni mugeni! Bapandishe na yeye mu treni!"

Akina mama wa turubai ya jirani wakacheka, wakasogea. Sikuwa nimetaka watu, lakini walikuja.

Nikashika bahari. Nikasema ndani ya bahari mnatoka kauri, na kauri zilitembea kwa miguu ya wachuuzi mpaka bara, kwa wafalme wa Waluba. Nikashika kauri: zilipigiliwa pamoja na shanga juu ya ubao unaoitwa lukasa, na mwenye kujua alipitisha kidole juu yake akasoma habari za wafalme na safari za watu, bila herufi hata moja. Hapo uso wa Mwalimu ulitulia, kwa sababu ni mambo ya kwao. Nikashika kidole, nikaenda kwenye mkono: kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi, na kwenye mikono ya wafu misalaba midogo ya shaba. Nikashika misalaba: ilikuwa pesa, na mahari ililipwa kwayo.

"Pesa ya kweli ile," akasema tata Tshimanga, mzee katekista wa mkeka wa pili. "Haikuoza mu mufuko kama hii yetu ya sasa."

"Kimya, tata. Tano," akasema Mwalimu.

Nikashika mahari. Nikasema zamani kampuni ya migodi iliita wanaume peke yao, wakawa wanakimbia, wanakufa. Kisha, miaka ya ishirini, ikaamua kila mfanyakazi aje na mke wake. Ndivyo nyanya yangu alivyofika huku akiwa bibi arusi, kwa treni. Sita. Nikashika treni: reli inayopita Kasaji na Dilolo inaenda mpaka Lobito, baharini Angola, na vita vimeifunga karibu miaka ishirini. Saba. Nikasema reli ile ilitengenezwa ili ibebe shaba ya hapa. Nane.

Na hapo nikakauka.

Shaba. Shaba nimeioga, shaba imemlisha baba yangu, na sikupata kitu cha kusema. Kichwa kilikuwa cheupe. Mwalimu akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, na sura yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. Locomotive ikapiga honi. Kazadi akamkumbatia Ndaya kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

Kijana mmoja wa wale waliolinda mlango wa gare, mwenye kitambaa chekundu kichwani, alikuwa amekuja kusimama nyuma ya akina mama. Akacheka.

"We tata wa kravati, unatafuta nini kwa bilulu? Kilulu itajua nini juu ya shaba?"

Mwalimu hakugeuka. "Kumi na ine," akasema. "Kumi na tano."

Kilulu. Mdudu. Nikamtazama kijana yule. Sikuwa na hasira, naapa. Nilikuwa karibu kumwambia asante.

"Wahunzi wa zamani wa Katanga," nikasema, "waliyeyusha shaba ndani ya tanuru. Tanuru ile walijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule haupasuki upesi kwenye moto. Na kichuguu kimejengwa na nani? Na mchwa. Na bilulu."

Mama Mushiya akapiga kigelegele kirefu mpaka bukari ikaanza kuungua.

"Iko kweli, Mualimu?" Kijana aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mwanafunzi wa nyuma ya darasa.

"Kweli kabisa. Uliza babu yako," Mwalimu akajibu. "Tisa. Mamie, moja inabakia."

Hii ya mwisho sikuitafuta. "Nyuma ya nyumba yetu," nikasema, "kulikuwa na kichuguu kirefu kupita mtu. Baba yangu hakukivunja. Mama yangu alipanda mahindi juu yake kila mwaka, na hakuna mahindi katika mtaa wote yaliyozaa kama yale. Nimeyaona kwa macho yangu, nimeyavuna, nimeyatwanga. Na kwa unga ule mama yangu alisonga..."

Nikautazama mwiko wa Mama Mushiya.

"Bukari," nikasema.

"Kumi," akasema Mwalimu Kitenge, akavua miwani akaipangusa kwa kravati.

Alipiga goti, akaweka karatasi juu ya sanduku letu. Akaandika jina. Halafu akauliza kwa sauti ambayo hata watu waliokwisha kupanda waliisikia: "Mahali pa kuzaliwa?"

"Kolwezi."

Akaandika. "Mahali pa mutihani," akajisemea, akaandika tena: Kolwezi. Kijana wa kitambaa chekundu alikuwa bado amesimama pale. Alisoma kalamu ilipokuwa inapita, midomo yake ikitembea.

Sheria ilitaka sahihi tatu. Mwalimu akatia yake, tata Tshimanga akatia yake. Watu walikuwa wanakimbilia mabehewa, Kazadi amekwisha kubeba mizigo ya wengine na bado anarudi kwa yetu.

"Ya tatu?" Mwalimu akauliza. "Nani anajua kuandika?"

"Mi njo ya tatu," akasema Mama Mushiya, akifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama, unajua?"

"Uliza mualimu wangu. Iko mbele yako."

Alishika kalamu kama anavyoshika kipande cha makaa, kwa ngumi. Aliandika polepole, ulimi ukiwa nje, herufi saba kubwa, ile S ikitazama nyuma. Mkuu wa treni akapiga filimbi. Watu wakaita majina yetu kutoka ndani ya behewa. Hakuinua kichwa. Alimaliza ile A, akaitazama, kisha akarudi kuiongezea mguu ambao haukufika chini vizuri.