Nyumba Nne za Mzee Kanti

Anne-Marie alianza kumhudumia mzee Kanti mwaka 2005, huko Stanmore, London, siku tano kwa wiki. Alikuwa mjane kutoka Uvira, akiishi katika chumba kimoja Wembley na binti yake, Miradie. Shirika lililomtuma lilimwonya kuwa mzee huyo ni mkali. Asubuhi ya kwanza alimsikia akinung'unika peke yake, kwa Kiswahili, kwamba chai hii ni maji matupu. Alicheka hadi akashika meza.

"Kumbe unajua Kiswahili?" mzee alishtuka.

"Nimezaliwa nacho, mzee."

"Basi nipikie chai ya kweli."

Kanti alikuwa Mhindi wa Mwanza. Nyumba aliyoijenga kule ilichukuliwa na serikali mwaka 1971, akaja London na mkewe na masanduku mawili. Baada ya miaka mingi ya kuuza vitambaa alinunua shamba la matofaa nje kidogo ya Stanmore, pamoja na nyumba nne ndogo za matofali zilizojengwa zamani kwa ajili ya vibarua. Wajenzi walimwandama awauzie, wabomoe, wainue maghorofa. Alikataa.

Mwaka 2006, alipokuwa hainuki tena kitandani, alimwita Lydia, muuguzi mstaafu kutoka Kisii. Lydia na majirani zake walikuwa wameanzisha amana ya ardhi, chombo cha kumiliki ardhi kwa niaba ya jamii. Alimweleza mzee taratibu: shamba litakuwa mali ya amana na halitauzwa tena, nyumba zitapangishwa kwa watu wa kipato kidogo, nao wapangaji watalitunza shamba.

"Hakuna atakayewaambia watoke?" Kanti aliuliza.

"Hakuna, mzee."

Akatia saini. Kisha akaandika jina la Anne-Marie juu kabisa ya orodha ya wapangaji.

Jumapili moja Anne-Marie alimpeleka Miradie kuziona nyumba. Msichana alipanda ghorofani, akapima ukuta kwa mikono yake, akaamua kitanda kikae wapi. Tangu azaliwe hakuwahi kulala peke yake.

Kanti alifariki Januari 2007. Wiki tatu baadaye Lydia alikuja Wembley na barua ya wakili. Mtoto wa kiume wa marehemu alikuwa akidai kwamba mhudumu alimlaghai mzee mgonjwa hadi akagawa ardhi, na ushahidi ni jina lake katika orodha.

Anne-Marie ndiye aliyemwosha mtu yule, akamlisha, akamfumba macho.

"Miye sikumuomba kitu, dada Lydia. Hata kimoja."

"Najua. Na mahakamani tutasema hivyo."

"Na kama jina langu likitoka, watabaki na neno gani?"

Lydia aliinamisha kichwa. "Wakili wetu anasema hawatakuwa nalo. Lakini sikuja kukuomba hilo, mama Miradie."

"Ndiyo maana nitalitoa mwenyewe."

Aliandika barua usiku huohuo, akaapa kwamba hatapanga nyumba yoyote pale. Miradie alipoisoma aliugeukia ukuta, akasema kwa Kiingereza kwamba watu wazuri ni wajinga. Mama yake hakumkemea. Alilala kando yake, macho wazi.

Kesi ilivunjika kabla ya kiangazi. Matengenezo yalichukua muda, na wapangaji wa kwanza walihamia mwaka 2009. Miongoni mwao walikuwa Hafidh na Zahra, Wapemba waliokuwa wamelea watoto watatu katika hosteli ya watu wasio na makazi. Anne-Marie, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya amana, ndiye aliyetumwa kuwakabidhi ufunguo. Zahra alimshika mikono akalia, akamwombea dua ndefu, bila kujua anamwombea nani. Anne-Marie aliitikia amina, akawaonyesha jinsi ya kufungua maji.

Aliporudi Wembley alimkuta Miradie, sasa msichana wa miaka kumi na saba, akikunja nguo juu ya kitanda chao.

"Wameingia?"

Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Wameingia. Watoto wamekimbilia ghorofani."

Miradie alikunja shati moja, kisha jingine. Halafu akasogeza nguo upande, akampa mama yake nafasi ya kukaa.