Goti la Nahodha

Kabla hajahamia Amherst, jirani na Buffalo, Clive Ormerod aliwafundisha Wakongomani wa South End, mjini Louisville, Kentucky, kucheza mpira kwa subira. Hakuwa na jina kubwa. Kwao Uingereza alikuwa beki wa klabu za madaraja ya chini, viwanja vya tope na mvua. Mara moja tu klabu kubwa ilimtaka. Goti lilikuwa linamsumbua, na aliyekuwa amemwambia ni kocha wake peke yake. Siku ya vipimo, daktari wa ile klabu hakupoteza muda na kitu kingine, akaenda moja kwa moja kwenye goti. Kocha, kwa kutotaka kumpoteza beki wake, alikuwa ameshamwambia daktari. Bahati ikafia pale. Clive akaja kumalizia mpira wake Marekani, katika ligi ambayo hata wenyeji hawakuijua.

Kisa hicho alimsimulia Bagula, nahodha na beki wa timu, kwenye gereji ya nyumba yake, huku akimfunga bendeji. Bagula naye alikuwa ameumia goti la kushoto akipakia maboksi ghalani. Hakuna aliyejua ila Clive. Shemeji yake Elie, kaka wa mkewe, golikipa aliyesaidia kupanga kikosi, hakuambiwa, kwa sababu angemweka benchi siku ileile.

"Usigeukie kushoto," Clive alimwelekeza. "Mfungie mtu kushoto, mwachie kulia."

Hata baada ya kuhama, aliendelea kupiga simu. Alianza na Kiswahili alichookota kwa wachezaji: "Goti habari gani?" Kwao Bagula, mtu anayekuulizia mwili wako ni mtu wa nyumbani. Humjibu "nzuri" tu, ukamficha. Kwa hiyo wiki ya mashindano ya Columbus, Septemba 2015, alimjibu kama ilivyo: limevimba, kushoto haligeuki kabisa.

Fainali, kati ya Louisville na Buffalo, ilichezwa Westerville, pembeni mwa Columbus. Wachezaji walipotoka kupasha moto misuli, walimwona Clive amesimama kwenye benchi la Buffalo, kavaa jezi yao.

"Ehe! Tulimchinjia mbuzi wa kumuaga," Elie alifoka, "kumbe tulikuwa tunanenepesha adui!"

"Bon, mwache," Bagula alisema. "Mtu anafuata kazi."

Na alimaanisha. Mpira ulipoanza, winga wa Buffalo, kijana mwepesi aliyeitwa Zéphyrin, alimpita kushoto. Bagula akajiambia ni bahati. Akampita tena palepale. Bagula alimwachia kulia kukiwa wazi kama barabara, kijana hata hakukutazama.

"Kapiteni, geuka basi!" Zéphyrin alimcheka. "Ama unangoja bus?"

Mara ya tatu Bagula alisikia sauti aliyoizoea ikitoka benchini: "Upande uleule! Tena!"

Hapo alielewa. Alijaribu kugeuka kwa hasira, goti likakataa, akaanguka chini. Zéphyrin akabaki peke yake na Elie. Bao. Halikupatikana jingine mpaka mwisho.

Baada ya kombe kukabidhiwa, Bagula alimfuata Clive akichechemea.

"Uliponiuliza habari ya goti, uliniuliza kama nani?"

Clive alishusha pumzi. "Wakati ule kama rafiki. Leo wamenichukua niwashindie. Ningekwambia usicheze, ungenisikia?"

"Hukuniambia."

Clive akageuza macho kwenye kombe.

"Yule kocha wako wa kule Uingereza," Bagula akauliza taratibu, "naye alikuwa na sababu?"

Clive alionekana mzee ghafla. Bagula alingoja jibu kwa heshima, kama mtu aliyekuwa tayari kulipokea, hata kama ni dogo. Halikuja. Wachezaji wa Buffalo walimwita Clive kwenye picha, akaenda.

Kwenye maegesho, wenzake walikuwa wanamngoja wamenuna.

"Mzungu ametuuza," mmoja alisema. "Lakini amewaambia nini? Sisi tuna siri gani?"

Bagula angeweza kunyamaza. Wangemlaumu Clive peke yake mpaka Louisville.

"Goti yangu," alisema. "Iliharibika tangu mwaka jana. Nilimwambia yeye."

Walimtazama. Elie ndiye aliyesema, polepole, bila ile kelele yake.

"Donc, kumbe mzungu alijua. Na mimi, ndugu ya bibi yako, sikujua."

"Shemeji, ungenitoa timuni."

"Ningekutoa, ndiyo. Mwaka mzima nimesimama nyuma yako. Kila bao lililopita upande ule nililia kwamba mikono yangu imezeeka. Na wewe ulikuwa unaniambia, 'Pole, shemeji, jikaze.'"

Alichofanyiwa na Clive kilikuwa bado cha moto kifuani mwa Bagula. Sasa aliona Elie amebeba chake, na kwamba kilitoka mkononi mwake yeye Bagula.

"Leta ufunguo," Elie alisema. "Kwa goti hiyo hautatuendesha. Kaa nyuma."

Bagula alimpa. Elie aliwasha gari. Mpaka wanavuka mto Ohio na kuingia Kentucky, hakuna aliyemuuliza kama goti linauma.