Mchele Wenye Ukungu

Siku mkwe wake alipomletea mchele ulioota ukungu, Fundi Saa alifuta mikono kwanza. Aliupokea, akauweka mezani kati ya saa mbili zilizofunguliwa matumbo, akachomeka lenzi yake jichoni na kuuchungulia kama mtu anayetafuta nge ndani ya kiatu.

"Huu umeharibika," alisema hatimaye.

"Ndiyo dawa yenyewe, baba," mkwe akajibu. Alikuwa mfanyakazi wa maabara ya kilimo, mpole, wa kuongea chini chini, na upole huo ndio uliomtia mzee wasiwasi tangu siku ya posa. "Ni kuvu, tunaikuza juu ya mchele. Unaimwaga chini ya vigogo vya migomba iliyokatwa, vinavyolazwa chini kama mtego. Fukusi akijificha humo inamganda, inamwingia mwilini. Wiki mbili tatu, kwisha habari yake. Mtu haimdhuru, mgomba haiudhuru."

"Kwa hiyo dawa yenyewe ni ugonjwa, ugonjwa wa mdudu."

"Ndiyo hivyo hasa, baba."

Mzee akachukua kibandiko, kama alivyozoea kwa kila kitu kilichoingia mezani pake, akaandika tarehe na maneno haya: *Mali ya mkwe. Haijulikani.* Akakibandika kwenye mfuko.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba arobaini na mitatu. Yote aliipanda marehemu mkewe kwa mkono wake, na hadi anakata roho alikuwa akiuliza kama imepaliwa. Sasa fukusi, vidude vyeusi vyenye pua ndefu, walikuwa wameyatoboa matunguu, yale mashina ya chini ya udongo, hadi yakawa kama chujio. Upepo kidogo tu, mgomba na mkungu wake chini, puu, kama mlevi. Bwana shamba alikuwa amewahesabu, akakata shauri: siku ya kuhesabu, wiki sita mbele, fukusi wasipopungua, migomba yote ing'olewe hadi tunguu la mwisho, na ardhi ikae tupu.

Ardhi tupu. Hapo ndipo mzee alipokwama. Mkwe alikuwa mpangaji wa vyumba viwili na watoto watatu, na juzi tu mzee alimwona kwa dirisha akitembea kando ya ua, mguu kwa mguu, midomo ikihesabu. Mtu anapima nini kwenye shamba la watu, kama si kiwanja?

Basi mkwe alipoondoka, mzee alizunguka nyuma ya tangi la maji, akaupasua mfuko, akautupa na mchele wake juu ya vipande vya migomba vilivyokuwa vikioza kivulini. Akanawa mikono mara mbili.

Lakini wiki iliyofuata ikaja mifuko mingine mitano, na safari hii ililetwa na binti yake mwenyewe.

"Baba, uimwage kweli. Nakujua mimi."

"Unanijuaje?"

"Dawa ya kikohozi ulimwonjesha paka kwanza."

Mzee akaona hii haitupiki. Ila hakuwa mtu wa kumeza kitu kizima kizima. Miaka arobaini adui yake mkubwa alikuwa unyevu. Saa ikitumbukia majini, dawa yake ni moja: ifungue, ianike. Akautandaza mchele wote juu ya bati, jua la mchana, siku tatu. Kama ni sumu, alijiambia, makali yatapungua. Kama ni dawa, kukauka hakujawahi kuharibu kitu. Halafu akaumwaga chini ya vigogo sawasawa na maelekezo, asije akakosa la kujitetea.

Siku ya kuhesabu wakaja watatu: bwana shamba na ndoo, binti na daftari, mkwe mikono mitupu. Kigogo kimoja kimoja kikapinduliwa. Fukusi walikuwa wazima, wengine wamejilaza kama maiti na kuinuka wakiachwa. Hesabu ilipofika nusu, ilikuwa imeshaipita ya mwanzo.

"Hapa hakuna la kusubiri," bwana shamba akasema. "Jumatatu naleta watu wa kung'oa."

Mzee hakuwa akitazama ndoo. Alikuwa akimtazama mkwe usoni, akingoja furaha ijitokeze hata kwenye kope. Haikutokea. Mkwe alichuchumaa, akaokota punje mbili, akazisaga kwa vidole, akazinusa.

"Baba, mchele huu ulikaa wapi?"

"Kwenye mifuko yake."

"Muda wote?"

"Unanishuku?"

Mkwe akamtazama, punje zingali vidoleni. Mzee akaondoka kwenda tangini kunawa, ingawa hakuwa ameshika kitu. Ni miaka mingi hakuna aliyemtazama kwa jicho lile la shaka, jicho lake mwenyewe.

Mguu wake ukagonga kipande cha mgomba, kikapinduka. Chini yake kulikuwa na vitu vyeupe, kama vipamba. Akachomeka lenzi, akainama. Kipamba cha kwanza kilikuwa na pua. Cha pili kilikuwa na miguu sita, na ukungu umechomoza kwenye kila kiungo. Akahesabu kumi na saba, wote fukusi, wote wakavu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mkwe amewapanga pale. Kisha akaona mfuko uliopasuka na kibandiko chake, wino umechuja lakini mwandiko ni wake: *Haijulikani.*

Angeweza kukisukuma kipande kikarudi mahali pake. Alikiwekea hata mguu. Upande wa pili bwana shamba alikuwa akiyafunga mashina kamba nyekundu za kung'olewa, akianza na lile la pembeni, ambalo marehemu alikuwa akiketi chini yake kumenya viazi.

"Njooni huku," mzee akaita. Walipofika akamkabidhi mkwe lenzi. "Huu sikuuanika."

"Na ule mwingine?"

"Siku tatu. Juu ya bati."

Mkwe akafumba macho. "Jua linaiua, baba."

"Saa ikiingia maji tunaianika," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza ikamtoka kama neno la kipumbavu. "Na wewe ulikuwa unapima nini uani?"

"Nafasi ya kulaza vigogo."

"Bahati yangu," binti akasema, "ndoa yangu hakuiweka kwenye bati."

Bwana shamba alivihesabu vile vipamba, akarudi kufungua kamba. Wiki sita nyingine, alisema, na baada ya hapo asiombwe tena.

Kesho yake mkwe alileta mifuko mipya. Mzee aliichungulia kwa lenzi mmoja mmoja, maana mazoea ni mazoea, akaisukuma chini kabisa ya meza, penye giza na baridi. Kwenye kibandiko akaandika tarehe, *Mali ya mkwe*, na chini yake, kwa herufi kubwa: *ISIANIKWE.*